Aliyesema Hana Haya

Sogeeni, jamani. Aliye na kiti akikalie, asiye nacho aegemee ukuta. Habari yenyewe ni ya nyumba moja tu, lakini najua wengi mtakaoisikia mtageuka kumtazama jirani. Msimtazame jirani. Hapo ndipo makosa yote ya habari hii yalipoanzia.

Palikuwa na msusi mmoja, mjane, mama wa binti mmoja. Asubuhi tunayoanzia, mvua ilikuwa imelaza vumbi, mlango wa saluni yake uko wazi, na ndani wanawake wanne walikuwa wakicheka mpaka mmoja akaomba wanyamaze kidogo apumue. Msusi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kitana amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe, vidole vinakwenda mbio kichwani mwa mteja, na mdomo haujapumzika tangu afungue kufuli. Mtaani walimwita Redio. Hakukasirika hata kidogo.

"Redio, taarifa ya habari leo ina nini?"

"Taarifa ya habari mpaka ulipie leseni! Inamisha kichwa."

"Si tunasikia fundi bomba karudiana na mkewe?"

"Karudiana? Karudi kuchukua viatu vyake, mke kamfungia ndani. Inamisha, nimesema, mstari utapinda kama njia ya ng'ombe."

Basi ndivyo siku zilivyokwenda. Hakuna aliyefiwa bila Redio kuwa wa kwanza kulia naye, hakuna aliyezaa bila Redio kufika na beseni la nguo. Akiulizwa anapata wapi ujasiri wa kusema na kila mtu, hata na wakubwa wa ofisini, hujibu neno lilelile.

"Mimi? Siku haya inagawiwa, nilikuwa nimekwenda kuazima sufuria. Mdogo wangu ndiye aliyechukua fungu lake na langu."

Watu hucheka, kwa kuwa wanamjua huyo mdogo. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mwanamke mwembamba asiyekaa katikati ya kikao. Walimwita Bi Kimya. Mwenyewe alikiri kabla hajaulizwa: "Mimi nina haya jamani, msinipe neno la kusema." Na ukoo ukamkubalia. Kukiwa na shauri la familia, yeye huketi karibu na mlango, pale panapowekwa viatu, na hakuna aliyewahi kumgeukia na kusema, "Na wewe unaonaje?"

Sasa tazameni jambo ambalo mtaa mzima ulilitazama kwa miaka bila kuliona.

Kiti cha saluni kilielekea barabarani. Redio alisema ni kwa ajili ya upepo. Mteja hukaa akatazama wapita njia, na Redio husema na kisogo chake. Mteja akimaliza, akisimama, akigeuka na uso wake mzima, Redio huwa kishafika kwenye ndoo, au kainama anaokota vibanio, au anaita, "Haya, nani anafuata?" Nyumbani kwake wageni hawakukauka, lakini hakuna aliyekumbuka kumwona ameketi mezani. Alikuwa akipakua, akipeleka, akirudisha. Watu walisema, mama mchapakazi huyo. Naye mwenyewe, mngemuuliza, angeapa kuwa ni uchapakazi.

Na Bi Kimya? Mtu akifika dukani na shida yake, Bi Kimya husimamisha pasi wima, hufuta mikono, humtazama yule mtu usoni, akangoja. Basi. Wala hakuna aliyehesabu kuwa huko nako ni kusema na watu. Yeye mwenyewe hakuhesabu.

Tuje kwa binti. Nyumbani aliitwa Chiriku, na jina lilimfaa. Alikulia kwenye kigoda, katikati ya magoti ya mama yake, kichwa kinasukwa. Huko ndiko alikosemea kila kitu. Mwalimu aliyemwonea, rafiki aliyemgeuka, damu ya kwanza na hofu yake. Vyote alivisema akiutazama ukuta, na mama akavijibu akiitazama njia ya kitana. Hata siku ya neno kubwa.

"Mama, kuna mtu."

Vidole vilisimama, vikaendelea. "Mtu gani?"

"Karani. Wa ghala la saruji."

"Ana meno yote?"

"Mama! Anayo."

"Na ulimi je? Maana wenye ulimi mtamu nawaogopa. Geuza shingo kidogo."

Wakacheka wote wawili, posa ikaja, ndoa ikafungwa. Redio akawatangazia watu: "Mimi na mwanangu hatufichani." Na alikuwa mkweli. Hawakufichana, mradi tu mmoja awe amempa mwenzake kisogo.

Sasa turudi asubuhi ile ya vicheko. Wanawake walikuwa bado kwenye habari ya fundi bomba na viatu vyake pale Chiriku alipoingia. Alikuwa amejitanda kitambaa mpaka nyusi.

"Shikamoo mama. Shikamooni."

"Marahaba! Tazameni nani kaja! Mke wa mtu! Kaa hapa nikuangalie hicho kichwa, naona mumeo hana hela ya msusi." Redio alikuwa kishamvutia kiti. "Vua hicho kitambaa."

Chiriku akakivua.

Nywele hazikuwapo. Zilikuwa zimekatwa mpaka karibu na ngozi, huku ndefu kidogo, huku fupi, kazi ya mkasi wa jikoni. Nyuma ya sikio palikuwa na kipara kidogo chekundu ambacho si mkasi uliokifanya. Mikono ya Redio ilikuwa tayari hewani. Ikabaki hewani. Hapakuwa na cha kushika.

"Aa, mtindo huo!" alisema mteja mmoja. "Binti wa afisa posta naye kanyoa hivyo."

"Umependeza," alisema mwingine. "Una kichwa kizuri, kama yai."

"Zilikuwa zinanisumbua," alisema Chiriku. Kisha kwa sauti ndogo: "Mama, nina maneno."

"Sema mwanangu. Hapa wote ni mama zako."

"Ni ya mimi na wewe."

Tusifichane, jamani, maana mkijua mapema mtaona vizuri zaidi. Mume alikuwa akimpiga. Alikuwa na desturi ya kuzikusanya zile nywele mkononi kwanza, kama mtu anayekamata mfuko, ndipo apige. Chiriku akazikata ili mkono ule ukose pa kushika. Masikini hakujua kuwa kwa mkasi uleule alikuwa amekata na njia yake ya kusemea na mama.

Waliingia chumba cha nyuma, kwenye maboksi ya mafuta ya nywele. Waliketi magoti kwa magoti. Chiriku alimtazama mama yake machoni, akaanza.

"Mama, mume wangu…"

Redio alihisi joto likimpanda shingoni. Akawa hajui mikono yake aiweke wapi. Ikatembea juu ya mapaja yake, ikapangusa vumbi lisilokuwapo.

"Ngoja kwanza mwanangu. Nimeacha maji jikoni, yatakauka."

"Mama, ni dakika moja tu."

"Naja, naja, hutakaa hata ukachoka."

Alitoka. Aliporudi hakurudi peke yake. Alikuwa amemshika mkono jirani muuza vitambaa. "Njoo umwone mwanangu alivyojinyoa! Si kawa kama mwanafunzi?" Muuza vitambaa akamsifu. Chiriku akatabasamu, akajitanda kitambaa chake, akasema amechelewa.

Alipokwenda zake wanawake walimjadili, kama ilivyo ada. "Mwanao siku hizi mpole."

"Ameota haya," alisema Redio, na moyoni aliamini kabisa. "Zamani alikuwa chiriku, leo ni mke wa mtu. Alitaka kuniambia kitu, nadhani mambo ya ujauzito, haya ikamshika akashindwa."

"Mtoto aliyelelewa huyo."

"Haya ni pambo, wangu."

Naam. Mtoto ananyofolewa nywele, na mtaa unamsifu adabu.

Mara ya pili Chiriku alitanguliza ujumbe. Alisema atakuja Jumapili, peke yake, na anataka akae na mama tu. Redio alifurahi mno. Aliamka akafua mapazia. Akapika. Na kila aliyepita mlangoni alimwambia, "Mwanangu anakuja, karibu ule naye." Hakupanga ubaya. Kama mngemsimamisha pale uani na kumuuliza kwa nini anaita watu wakati binti kasema anataka wawe wawili, angewashangaa. Furaha itafungiwaje chumbani? Ndivyo alivyojiona: mama mwenye furaha. Lakini kila mgeni aliyekubali kuja alimwondolea uzito fulani kifuani, na huo uzito hakujiuliza ni wa nini.

Chiriku alifika akakuta nyumba imejaa. Nyumba iliyojaa watu ni neema, hatubishani. Sisi wenyewe tunaipenda, sahani zinagongana, watoto wanapita chini ya meza. Siku hiyo ilikuwa ukuta. Chiriku alikula kidogo, akaosha vyombo, akamfuata mama kila alipokwenda, na kila alipomfikia mama alikuwa na sinia mkononi. Jua lilipoanza kushuka alisimama mlangoni.

"Mama, nisindikize."

"Nitakusindikizaje na wageni wote hawa? Jirani, hebu msindikize mwanangu mpaka barabarani, na wewe si unapita huko?"

"Basi mama. Acha tu, nitafika."

"Msalimie mkwe wangu. Mwambie kazidi kuadimika!"

Chiriku alimtazama mama yake kama mtu anayesoma kibao cha duka lililofungwa. Kisha akaenda zake, kwa mume wake, maana hakuwa na pengine.

Siku chache zilipita. Asubuhi moja, mwenye duka la dobi anafungua milango, Chiriku alikuwa tayari kwenye kizingiti, ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia kama mtu aliyebeba kitu cha mtu mwingine. Bi Kimya alikuwa ameanza shati la kwanza. Akasimamisha pasi.

"Umevunjwa."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Yeye?"

"Yeye."

"Kaa hapa." Akafuta mikono, akaketi mbele yake. "Nakusikiliza."

Na binti aliyeota haya, binti mpole, alisema yote pale pale, kati ya mashuka ya watu. Bi Kimya hakumkatiza. Shati lilikauka na mikunjo yake. Kisha wakaenda hospitali, mkono ukafungwa plasta, na Bi Kimya akamlaza kitandani kwake, chumba kimoja uani kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Baada ya hapo akajifunga nguo vizuri, akavuta pumzi, akaenda saluni. Kwenda saluni kulimpa taabu kuliko hospitali. Wale wanawake wote, na macho yao.

Redio alikuwa katikati ya kichwa. Bi Kimya alimzunguka, akasimama mbele yake, akamwambia kwa sauti ya chini. Lakini Redio hana sauti ya chini.

"Kamvunja mkono? Nani kasema?"

"Mwenyewe."

"Kakuambia wewe? Mimi mama yake niko hai, nazunguka mtaani, anakwenda kukuambia wewe?"

"Alikuja kwako, dada. Alikuja, akaja tena."

"Hakusema!"

"Alikuja kusema."

"Nimlazimishe? Yule tangu aolewe kawa na haya, kila mtu hapa shahidi…"

"Dada." Jasho lilikuwa limemtoka Bi Kimya juu ya mdomo, na vidole vyake vilikuwa vikichezea upindo wa nguo. "Mwenye haya ni wewe."

Saluni ililipuka kwa kicheko. Hata yule aliyekuwa anasukwa alicheka, mstari ukamponyoka msusi. Redio ndiye aliyecheka kuwashinda wote.

"Mimi! Jamani mmesikia? Mimi nina haya! Leo mdogo wangu pasi imempanda kichwani!"

Bi Kimya hakucheka. "Yuko kwangu," alisema. "Njoo." Akaondoka.

"Namalizia kichwa hiki, naja!"

Akakimalizia. Mteja akainuka, akaenda zake, hakusubiri hata kioo. Mlangoni alikuwa amesimama muuza vitambaa.

"Kaa, kaa," alisema Redio. "Wako si ule mtindo wa mistari minne? Nakumaliza sasa hivi."

Muuza vitambaa hakukaa. Alisimama uso kwa uso naye. "Redio, sikuja kusukwa. Nimesikia habari. Mtoto kavunjwa mkono, na wewe bado uko hapa?"

"Naenda. Si naenda? Ngoja niweke sawa hapa, siwezi kuacha saluni kama zizi."

"Umeshafagia hapo."

Redio alitazama chini. Kweli, alikuwa ameshika ufagio, na alikuwa akifagia mahali ambapo palikuwa peupe. Hakukumbuka kuuchukua. Mkono ulikuwa umeuchukua wenyewe, kama mbwa anavyoijua njia ya nyumbani. Akasimama na ule ufagio, na mambo yakaanza kumjia moja baada ya jingine, bila haraka, kama wageni wasiopendwa. Siku ile hakukuwa na maji yoyote jikoni. Jiko lilikuwa hata halijawashwa. Na ile Jumapili, aliwaita watu wangapi? Na marehemu mumewe alipokuwa mgonjwa, akimwomba akae kidogo tu kitandani, si alikuwa akifua? Alifua mpaka nguo safi.

"Nilidhani…" alisema, asimalize.

Ufagio ukaanguka. Aliacha saluni wazi.

Chumbani kwa Bi Kimya, Chiriku alikuwa ameegemea mto, plasta nyeupe kifuani. Redio aliingia akasimama katikati ya chumba. Alikuwa amepanga maneno njiani, mengi, mazuri. Kabla hajalipata hata la kwanza, mlango uligongwa, na mkwe akaingia. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooka, ananukia sabuni.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo." Alitabasamu kama mtu aliyekuja kuomba radhi kwa mvua. "Nimekuja kumchukua mwenzangu. Aliteleza bafuni, akachanganyikiwa, akakimbilia huku. Mnajua tena wanawake na maumivu."

Jamani, shikeni mioyo yenu. Yule mama aliyekuwa amekuja kumwokoa mwanawe, aliyekuwa ameacha saluni wazi, alifungua mdomo na mdomo ukasema:

"Karibu mkwe. Karibu ukae."

Akavuta kigoda pekee kilichokuwamo. Akakifuta kwa upindo wa nguo yake.

Chiriku aliyaona yote hayo kutoka kitandani. Aligeuza uso ukutani.

Mkwe alikuwa anajiandaa kukaa pale Bi Kimya aliposimama kati yake na kigoda. Sauti yake ilitoka nyembamba kama uzi.

"Samahani, baba. Mimi ni mtu wa haya sana. Kusema na wanaume siwezi kabisa. Kwa hiyo sitasema mara mbili. Toka."

Mkwe akacheka. "Mama," alimgeukia Redio, "hebu mwambie mdogo wako."

Macho yote yakamwendea Redio. Midomo yake ilitembea. Mdomo uliozipasha habari nyumba zote za mtaa haukupata hata neno dogo la kumpa mtu mmoja aliyesimama mbele yake. Akatazama sakafu.

"Uani kuna wanawake wanafua," alisema Bi Kimya. "Hao hawana haya kama mimi. Niwaite?"

Karani alichungulia nje. Wanawake walikuwa wengi, na baadhi walikuwa wameacha kufua. Akarekebisha kola yake. "Nitarudi," alisema.

"Mimi sirudi," alisema Chiriku, akiwa bado ameelekea ukutani. Hilo lilikuwa neno lake mwenyewe, hakusaidiwa na mtu.

Mlango ulipofungwa, Redio akausogelea. "Ngoja nikuletee maji ya kunywa, mwanangu, midomo imekukauka."

"Mama, kaa."

"Nakaa, ngoja tu nika…"

"Kaa."

Alikaa kwenye kile kigoda alichokuwa amemfutia mwingine. Bi Kimya akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake. Sasa walikuwa wawili, magoti kwa magoti. Joto lilipanda shingoni, kama siku ile. Mikono ikatafuta kazi, Redio akaikalia. Naam, aliikalia, kama mtoto anayezuiwa kuchokora. Chiriku alianza kusema. Macho ya mama yalikimbilia dirishani, akayarudisha. Yakakimbilia plasta, akayarudisha. Alisikia habari ya nywele. Alisikia habari ya Jumapili, kilichomngoja Chiriku alipofika kwake akitokea kwenye ile karamu. Ilipofika hapo alitaka kuuliza, "Mbona hukuniambia?" Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Nimemfutia kiti," alisema badala yake.

"Nimekuona."

"Sikujua kama nafanya."

"Najua, mama." Chiriku hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wake ulimuumiza mama kuliko matusi. "Ndiyo maana nitakaa hapa kwa mama mdogo."

Na akakaa huko. Karani alishitakiwa, ndoa ikavunjwa, mkono ukaunga, umepinda kidogo. Redio anaendelea kusuka, vicheko viko palepale, ingawa wateja husema siku hizi betri zimepungua. Kila Jumapili huenda kwa mdogo wake, hubisha hodi, huketi mbele ya mwanawe bila sinia wala kitana. Siku nyingine hufaulu mpaka jua linashuka. Siku nyingine humshinda, akainuka upesi na kisingizio, na Chiriku humwacha aende. Akirudi nyumbani hujitupa kitandani na viatu. Huwa amechoka kuliko siku ya kusuka vichwa kumi, na kazi yote aliyofanya ni kukaa.

FUNZO

Ndugu zangu, mtu ana habari zake anazojitangazia, na ana habari ambazo mwili wake unazitangaza bila kumwomba ruhusa. Redio alijitangazia kuwa hana haya, na kwa sababu alisema kwa sauti kubwa tukamwamini. Hata yeye alijiamini. Bi Kimya alijitangazia kuwa haya imemjaa, tukamweka karibu na viatu. Wote wawili walisema waliyoyaamini, na wote wawili walikosea. Wahenga walishasema nyani haoni kundule. Ila katika nyumba ile, hata sisi wengine tuliokuwa tunakula na kucheka hatukuliona, na lawama hiyo ni yetu.

Usijipime kwa unavyojisifu kwenye kundi. Jipime kwa siku mtu wako anapokuambia, "Nina maneno." Tazama miguu yako inaelekea wapi, na mikono yako inakimbilia kushika nini. Ukiona ghafla unakumbuka sufuria, simama hapohapo, ujiulize kama kweli kuna moto jikoni.

Nanyi mnaopenda kusifu, msione binti amenyamaza baada ya kuolewa mkasema ameota haya, mkaishia hapo. Muulizeni. Wala msimwache asiyesema kwenye kikao mkadhani hana la kusema, kwani huenda ndiye pekee anayesikiliza.

Kuwa na haya si dhambi. Kujificha nyuma ya kelele ukadhani ni ushujaa ndiko kunakovunja watoto mikono. Basi mtoto akija na maneno yake, funga mlango, kaa, mtazame. Ukishindwa, mwambie umeshindwa, kisha umshike mkono ulio mzima umpeleke kwa anayeweza.